Leseni ya Masafa Si Hati ya Kilima: Jinsi ya Kulinda Ripita Iliyowekwa Mahali pa Pamoja

Makala hii inawahusu kwanza waendeshaji wa redio za ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kuendesha vituo vya redio kwa ajili ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya majaribio ya kiufundi pasipo kujipatia faida ya fedha. Inawahusu pia watumiaji wengine ambao mawasiliano yao hutegemea mtambo uliowekwa juu ya kilima au mnara wa mtu mwingine: vyama vya ushirika, kampuni za ulinzi, hospitali na taasisi zinazotumia redio za upepo. Wote hao wanaweza kuamka siku moja na kukuta mtambo wao umezimwa, kufuli la banda limebadilishwa, na hakuna maandishi yoyote yanayoonyesha kwamba walikuwa na haki ya kuwa pale.

Tumeichukua Tabora kuwa mfano. Huu ndio mkoa mkubwa kuliko yote nchini kwa eneo, takribani kilomita za mraba 76,000, na sehemu kubwa yake ni tambarare yenye misitu ya miombo na vilima vichache vya mawe. Mahali pa namna hiyo kilima kimoja kizuri hutafutwa na wengi, na anayekipoteza hapati kingine kwa urahisi.

Ripita ni nini, na kwa nini huwekwa juu

Ripita ni mtambo unaopokea sauti katika masafa fulani na kuirusha tena papo hapo katika masafa mengine, kwa nguvu kubwa zaidi na kutoka mahali pa juu zaidi. Katika bendi ya ridhaa ya megahezi 144 hadi 146, tofauti kati ya masafa ya kupokea na ya kurusha kwa kawaida ni kilohezi 600.

Mawimbi ya bendi hii husafiri karibu na mstari ulionyooka, na hivyo umbo la dunia huyawekea mpaka. Mafundi hukadiria mpaka huo kwa hesabu nyepesi: chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo cha pili chake, kisha zidisha kwa 4.12, jibu ni kilomita. Mtu aliyeshika redio yenye antena iliyo mita 1.5 kutoka ardhini anafikia upeo wa kilomita 5. Watu wawili wa namna hiyo, katika uwanda usio na kizuizi, huishia karibu kilomita 10. Ndani ya miombo umbali huo hupungua sana.

Sasa weka ripita juu ya kilima ili antena yake iwe mita 150 juu ya nchi inayokizunguka. Upeo wa antena hiyo ni karibu kilomita 50. Ukiongeza 5 za mwenye redio ya mkononi, unapata kilomita 55 kila upande. Ukiiondoa ripita hiyo na kuifunga juu ya paa la nyumba mjini, mita 15 kutoka ardhini, jumla inashuka hadi kilomita 21. Mtambo ni ule ule, nguvu ni ile ile, lakini eneo linalohudumiwa limebaki kama sehemu moja ya saba ya lile la awali.

Hesabu hii inaonyesha thamani ya kilima. Inaonyesha pia kwa nini kilima chenyewe lazima kichaguliwe kwa makini. Kwa barabara, Urambo iko zaidi ya kilomita 90 kutoka Tabora Mjini, na Nzega iko karibu kilomita 115. Hakuna ripita moja itakayowaunganisha wenye redio za mkononi wa miji hiyo yote.

Kitu kimoja machoni, wenyewe wanne

Mtumiaji akiitazama ripita huona kitu kimoja. Kisheria kuna vitu vinne, na kila kimoja huweza kuwa na mwenyewe.

Cha kwanza ni masafa. Masafa ni rasilimali ya nchi, na husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Leseni hukuruhusu kurusha mawimbi katika masafa uliyopangiwa kwa masharti yaliyoandikwa. Haikupi hata hatua moja ya ardhi.

Cha pili ni ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinaigawa ardhi ya nchi yetu katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kilima kilicho ndani ya mipaka ya kijiji kiko chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji hicho. Kilima kilicho ndani ya msitu wa hifadhi huhitaji kibali cha mamlaka ya misitu. Tena kando ya njia ya kale ya misafara kuna maeneo ya urithi. Kwihara, nje kidogo ya Tabora Mjini, mahali ilipo nyumba aliyokaa David Livingstone mwaka 1872, imo pamoja na Bagamoyo na Ujiji katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006. Anayetaka kusimamisha mlingoti karibu na eneo kama hilo hana budi kuwauliza kwanza wasimamizi wa mambo ya kale.

Cha tatu ni mnara na banda lake. Mwenye mnara anaweza kuwa kampuni ya simu, kampuni ya minara, kituo cha utangazaji, taasisi ya dini au idara ya serikali.

Cha nne ni umeme. Mitambo mingi ya vilimani hutegemea paneli za jua, betri au jenereta ya mwenye mnara. Siku akiamua kupunguza gharama, waya wa mgeni ndio wa kwanza kukatwa.

Kwa hiyo mtu mwenye leseni halali, masafa safi na mtambo mzuri bado anaweza kuondolewa kilimani bila yeye kuvunja sharti lolote la leseni yake. Hili ndilo jambo tunaloomba msomaji alishike kuliko yote yaliyomo katika makala hii.

Jinsi nafasi inavyopotea

Mara nyingi nafasi ya mlimani hupatikana kwa urafiki. Fundi mmoja anamfahamu meneja wa kituo. Wanakubaliana kwa mdomo. Ripita inafungwa, na miaka inapita. Kisha hutokea mojawapo ya mambo yafuatayo.

Mnara hubadili mikono. Katika miaka ya karibuni kampuni za simu nchini zimeuza minara yao mingi kwa kampuni ambazo biashara yake ni kupangisha nafasi mnarani. Mmiliki mpya hukagua kila antena na kuuliza inamlipa nani. Antena isiyo na mkataba huorodheshwa miongoni mwa vitu vya kuondolewa.

Mnara hujaa. Kila antena hushika upepo na kuongeza mzigo. Mpangaji mkubwa akitaka kufunga mitambo mipya, mhandisi hutafuta cha kupunguza.

Mwingiliano wa masafa hutokea. Mtambo wenye kichujio kibovu huweza kuchafua mapokezi ya jirani yake, na katika banda la pamoja mgeni asiyelipa hushukiwa kabla ya wengine.

Betri huibwa. Baada ya wizi, mwenye banda hupunguza idadi ya watu wenye ufunguo.

Mwenye ufunguo huondoka. Yule fundi aliyeelewana na meneja huhamishwa kikazi, hustaafu au hufariki dunia. Anayebaki hajui hata jina la kumwandikia.

Hali hii haiko kwetu tu. Nchini Marekani ripita nyingi za ridhaa zimewekwa katika misitu ya taifa. Mwezi Desemba 2021 idara inayosimamia misitu hiyo ilitangaza pendekezo la kutoza ada ya utawala ya dola 1,400 kwa mwaka kwa kila kibali cha kituo cha mawasiliano. Kwa kampuni ya simu kiasi hicho ni kidogo. Kwa klabu inayoendeshwa na michango ya wanachama ni sababu tosha ya kufunga kituo. Lakini pendekezo lilitangazwa hadharani pamoja na muda wa kutoa maoni, na waendeshaji wa ridhaa wakapeleka maoni yao kabla uamuzi haujafanywa. Asiye na mkataba, asiyejulikana kwa jina na anwani, hapati nafasi hiyo ya kusema.

Mkataba wa nafasi: yanayopaswa kuandikwa

Tunawashauri watumiaji wote wa vituo vya pamoja kuwa na makubaliano ya maandishi, hata kama nafasi ni ya bure. Karatasi mbili zinatosha, iwapo zinajibu maswali haya:

1. Nani anaruhusu, na ana mamlaka gani ya kuruhusu? Mlinzi, fundi au meneja wa zamu hawezi kugawa nafasi ya mwajiri wake. Ikiwa ardhi ni ya kijiji, ombeni nakala ya muhtasari wa kikao kilichokubali.

2. Nani anaruhusiwa? Andikeni jina la klabu iliyosajiliwa, siyo la mwanachama mmoja. Klabu hubaki pale mtu anapoondoka.

3. Nini kimefungwa? Orodhesheni mtambo, namba zake, antena, urefu wake kutoka ardhini, nguvu na masafa.

4. Ni kwa muda gani, na notisi ni ya siku ngapi? Siku 90 ni muda wa kuridhisha kwa kikundi cha watu wa kujitolea. Andikeni pia kwamba makubaliano yataendelea kumfunga mmiliki mpya endapo mnara utauzwa.

5. Ada ni kiasi gani, na itapanda kwa utaratibu upi? Zamani msafara uliopita Ugogo ulilipa hongo kwa watawala wa njiani, na kiasi chake kilijadiliwa upya kila safari. Ada ya nafasi mnarani isiwe ya namna hiyo. Iandikwe, na ilipwe kwa stakabadhi.

6. Nani ana ufunguo, na anaingia saa ngapi? Wekeni daftari la kuingia na kutoka.

7. Umeme unatoka wapi? Paneli na betri zenu wenyewe huwapa uhuru, lakini andikeni kwamba ni mali yenu.

8. Kukitokea mwingiliano, nani huzima kwanza? Kubali kuzima mtambo wako pindi unapoarifiwa, kwa sharti kwamba uchunguzi ufanywe na matokeo yaandikwe.

9. Radi ikipiga, nani hubeba hasara? Hakikisheni mtambo wenu umeunganishwa na waya wa ethi wa kituo.

10. Mtambo ukiondolewa, mtaukuta wapi? Makubaliano yataje kwamba hautashushwa bila mwakilishi wenu kuwapo, au utahifadhiwa mahali palipotajwa.

Ukipokea barua ya kuondoka

Barua ikifika, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Jibu kwa maandishi ndani ya siku chache. Thibitisha kwamba umeipokea, uliza sababu, na uombe muda. Sababu ya mzigo huweza kutatuliwa kwa antena nyembamba zaidi. Sababu ya mwingiliano, kwa kichujio. Sababu ya gharama, kwa kulipia umeme. Usipoijua sababu, huwezi kupendekeza dawa.

Omba kutembelea kituo pamoja na fundi wa mwenye mnara. Piga picha mtambo, namba zake na jinsi ulivyofungwa.

Usivunje kufuli, na usipande mnara bila ruhusa. Hata kama mtambo ni wako, mnara una mwenyewe, na kupanda bila vifaa vya usalama kunaweza kukugharimu maisha.

Usihamishe ripita kwenda kilima kingine kabla ya kuiarifu Mamlaka. Masafa ya ripita hupangwa kwa kuzingatia mahali, urefu wa antena na nguvu. Ukihama kimyakimya unaweza kumwingilia mtumiaji mwingine, na kosa litakuwa lako.

Waarifu wanaokutegemea. Tangazo la mapema katika ripita yenyewe, likitaja siku ya kuzimwa na masafa ya kukutania baadaye, huzuia watu kuita mahali ambapo hakuna wa kuwajibu.

Wakati kilima kimefungwa: njia ya pili

Watu wa Tabora wanaijua historia ya kutegemea njia moja. Mwaka 1871 vita kati ya Mtemi Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka upande wa kusini, naye akafika Ujiji kabla ya mwaka huo kwisha. Katika siku zetu, tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti nchini Tanzania na nchi jirani. Aliyekuwa na njia nyingine ya mawasiliano aliendelea na shughuli zake.

Waendeshaji wa ridhaa wana njia tatu zisizohitaji kilima.

Ya kwanza ni masafa mafupi. Mawimbi ya megahezi 7 hupanda hadi tabaka la ionosfia na kurudi ardhini. Antena ya waya yenye urefu wa mita 20, iliyotandazwa kati ya miti miwili kwa kimo cha mita 5 hadi 8, hupeleka mawimbi karibu wima, nayo hurudi na kulifunika eneo la mamia ya kilomita pande zote. Kwa kawaida megahezi 7 hufaa mchana, na 3.5 hufaa usiku. Kwa njia hii Tabora inaweza kuzungumza na Kigoma, Mwanza au Dodoma bila mnara wowote katikati. Katika ukanda wetu wa kimataifa, masafa ya kilohezi 3760 na 7110 yametengwa na waendeshaji wa ridhaa kuwa mahali pa kukutania wakati wa dharura.

Ya pili ni setilaiti. Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mtambo wa ridhaa unaojulikana kama QO-100. Setilaiti hiyo inakaa juu ya ikweta katika nyuzi 25.9 Mashariki, karibu kilomita 36,000 kutoka duniani, na inaihudumia Afrika yote. Kwa mtu aliye Tabora iko karibu juu ya utosi. Dishi lenye upana wa sentimita 80 hutosha kusikiliza katika megahezi 10,489; kurusha katika megahezi 2,400 huhitaji vifaa na ujuzi zaidi.

Ya tatu ni ripita ya muda. Mlingoti wa kukunja wa mita 15 uliofungwa kwenye gari huwapa wanachama wa karibu mahali pa kukutania, mradi leseni inaruhusu.

Tunatoa tahadhari moja kwa wasio waendeshaji wa ridhaa. Redio ndogo za mkononi zinazouzwa madukani huweza kupangwa katika masafa mengi, lakini kuinunua si kuruhusiwa kuitumia. Masafa ya ridhaa hayatumiki kwa biashara. Ushirika wa wafugaji nyuki au kampuni ya ulinzi inayohitaji mawasiliano ya kazi inapaswa kuomba masafa yake yenyewe.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Mgogoro ukitokea, anza na mwenye mnara, kwa maandishi, na uhifadhi nakala. Ikiwa jambo linahusu mwingiliano wa masafa, masharti ya leseni au mwenendo wa mtoa huduma mwenye leseni, na hukuridhika na majibu, lilete kwa Mamlaka kupitia ofisi ya kanda iliyo karibu nawe. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano linaweza kukushauri na kukusaidia kuliwasilisha. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Ni wajibu wetu kueleza pia mipaka. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu matumizi ya pamoja ya miundombinu zinalenga wenye leseni za miundombinu na huduma za mawasiliano. Klabu ya ridhaa isizitegemee kama kinga. Mamlaka inaweza kukupangia masafa mapya, kuchunguza mwingiliano na kuwakutanisha wahusika. Haiwezi kumwamuru mwenye kilima akuachie nafasi ambayo hukuwahi kuandikiana naye.

Kwa sababu hiyo tunawaomba wanaosoma makala hii wakiwa na ripita inayofanya kazi wafanye jambo moja mwezi huu: watafute karatasi inayowaruhusu kuwa pale walipo. Wakiikosa, wamwandikie mwenye mnara sasa, wakati mtambo ungali unafanya kazi na uhusiano ungali mzuri.